Jozi ya Pili ya Spika

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na Mwalimu amehama chumba. Mambo haya mawili hayahusiani, ila yametokea siku moja nami nayaandika pamoja. Daftari hili ni langu la vipimo vya milango na makabati. Nimeligeuza naanzia nyuma, kwa sababu humu ndani sina wa kuzungumza naye.

Mwalimu ni mke wangu. Anafundisha chekechea, mtaa mzima unamwita hivyo na mimi nikafuata mkumbo. Yeye ananiita Fundi. Leo niliporudi kazini aliniambia anahamia chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha binti yetu kabla hajaolewa. Nikamuuliza kisa nini. Akasema nakoroma. Miaka ishirini na nane nakoroma, leo ndiyo kakumbuka? Lakini sikubishana, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunja mashuka yake. Kitanda cha binti kilikuwa kimefunguliwa, mbao zimeegemea ukuta. Nikachukua bisibisi nikakiunga mwenyewe, nikakaza kila skrubu na kukitikisa kuona kama kinacheza. Hakikucheza hata kidogo. Mwalimu alisimama mlangoni ameshika mto, akasubiri nimalize.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Amekula mapema, ameingia kwake.

Jumamosi, 9 Machi

Siku tano sasa. Tunaamkiana vizuri, tunaulizana za kazi, kisha kila mtu na mlango wake.

Jumamosi ilikuwa siku yetu. Sebuleni nina amplifaya ya zamani, bati lake la juu lina matundu ya kutolea joto, na pembeni mashine ya santuri niliyoitengenezea meza ya mninga. Tulijuana kwenye dansi, mimi na yeye, na tulipooana tukaendelea kucheza humu humu ndani. Jumamosi mchana vyombo vikishaoshwa naweka santuri, naye anatoka jikoni anajifuta mikono, tunacheza nyimbo mbili tatu, basi, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Nimejaribu kukumbuka tuliacha lini. Sikumbuki tukigombana wala kuambiana tuache.

Leo nimeweka santuri peke yangu. Mlango wa nyuma haukufunguka. Nikakaa nikawaza, nikagundua kitu: kati ya sebule na chumba cha nyuma kuna kuta mbili na korido. Muziki haufiki huko. Mwenzangu kahama, na muziki wake umebaki huku kwangu. Nilimhurumia kweli. Stoo nina spika mbili nilizozitoa kwenye kabati la redio lililooza. Nitamtengenezea maboksi, nimvutie waya hadi kwake, naye asikie ninachosikia.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Waya, yule kijana wa redio mwenye duka la bati karibu na kituo cha afya. Nilidhani nitachukua waya tu na kuzifunga spika zote nyuma ya amplifaya, matundu ni yale yale. Akanikatalia. Alinichorea kwenye kipande cha boksi: kila spika ina ugumu wake, unahesabiwa kwa omu, zangu zote ni za omu nane. Ukizifunga jozi mbili pamoja amplifaya inaona nne, inasukuma umeme mara mbili na inapata joto. Yangu inavumilia hadi nne, imeandikwa nyuma. Ikishuka zaidi ya hapo inaungua. Kwa hiyo akanipa swichi ya spika, kijisanduku cheusi chenye vitufe viwili. Cha kwanza, spika za sebuleni. Cha pili, za chumbani. Ukibonyeza vyote, kote kunaimba. Akaniambia niwe nagusa bati la juu mara kwa mara. Nikishindwa kuweka kiganja, nizime.

Aliendelea kueleza kitu kuhusu sauti, huku akipinda kidole hewani kama anazungusha kitu. Mvua ilikuwa inapiga bati la duka, na vijana wa siku hizi wanazungumza wamefumba midomo. Nikamwambia sawa sawa, nikaondoka.

Jumamosi, 16 Machi

Kazi imekwisha. Maboksi nimeyafanya kwa mabaki ya mbao za mkongo, pembe zimeshikana bila msumari, ndani nimebandika sponji. Waya nimeupitisha juu ya dari, nikatoboa ukuta wa chumba cha nyuma kwa keekee, mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, kama Fundi Waya alivyosema.

Mwalimu alinikuta juu ya ngazi. Nilitaka nimalize kabla hajarudi sokoni, nikachelewa. Akasimama chini yangu na mkoba begani, akasema maneno, tena si machache. Mvua ilikuwa kubwa. Nikatikisa kichwa nikamwambia asijali, namaliza sasa hivi. Akayatazama matundu ukutani, akatazama vumbi la plasta kwenye mto wake, kisha akakaa kitandani na mkoba magotini kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Nilimfutia mto kwa mkono.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimebonyeza vitufe vyote viwili kwa mara ya kwanza. Nikapandisha sauti mpaka ikawa ya kupendeza, si ya kunong'ona, si ya kelele. Nikaweka ule wimbo wa mwanzo wetu.

Katikati ya wimbo mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu akasimama kwenye korido ananitazama, na macho yake yamejaa machozi. Nikamnyanyulia mkono. Akabaki pale hadi ubeti ukaisha, akarudi ndani na kufunga mlango taratibu. Na mimi nililia kidogo, naandika bila aibu. Baada ya wiki hizi mbili ngumu, kumbe mtu anaweza kumfikia mwenzake kwa waya wa mita kumi na mbili.

Alhamisi, 21 Machi

Nikirudi kazini saa kumi na moja, kabla ya kuvua viatu, nabonyeza vitufe viwili. Bati la juu linapata joto, nalipima kwa kiganja kila baada ya upande mmoja wa santuri. Ni joto la kuvumilika. Napenda kule kujua kwamba nyuma ya kuta mbili kuna mtu anasikia wimbo ule ule kwa wakati ule ule. Hatuzungumzi, lakini si sawa na kuwa peke yangu.

Jumatatu, 25 Machi

Mkuu wa karakana amenitoa kwenye msumeno wa mashine. Miaka thelathini na moja nimeusimamia, leo ananiambia niende kupiga msasa. Kisa, nimekata mlango ukapungua kiganja kizima. Anadai aliniita mara tatu kubadili kipimo na mimi niliendelea kukata. Hakuniita. Kama aliniita, kwa nini hakunishika bega?

Randa, mwenzangu wa siku nyingi, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuliacha randa lake akasahau lilipo, alicheka akasema nimetia pamba masikioni. Kisha akanionyesha vizibo vya masikio vinavyoning'inia msumarini tangu enzi za mkuu aliyepita, vumbi limevifunika, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sikucheka. Nimepiga msasa hadi jioni.

Jumanne, 2 Aprili

Mwalimu anachelewa siku hizi. Chekechea inafungwa saa saba, zamani saa nane yuko nyumbani. Sasa anaingia saa kumi na mbili, na kama santuri bado inazunguka, anakaa jikoni. Anasema wana vikao. Vikao gani vya kila siku, na walimu wenyewe ni wawili?

Jumatano, 3 Aprili

Leo niliomba ruhusa mapema, msasa umeniingia kifuani. Nikapita njia ya chekechea. Mvua ikanikamata pale pale, nikajibanza chini ya upenu wao. Dirisha lilikuwa wazi.

Mwalimu alikuwa ndani peke yake. Hakuna kikao wala daftari mezani. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto wa miaka mitano, magoti yamepanda juu, mikono mapajani, macho kafumba. Nilidhani anaumwa. Nikamwangalia muda mrefu, naye hakufanya chochote, amekaa tu. Uso wake ulikuwa mwepesi, sijauona hivyo tangu mwaka jana au juzi.

Ningeweza kugonga. Sijui kwa nini sikugonga. Niliondoka kwenye mvua ile ile nikafika nyumbani nimelowa chepechepe, na aliporudi nikamuuliza habari za kikao. Akasema nzuri.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimegundua jambo leo, na hasira bado haijaniisha.

Niliweka santuri, vitufe vyote viwili ndani. Nikagusa bati baada ya upande wa kwanza, halikuwa na joto. Upande wa pili, lile lile vuguvugu la zamani, la jozi moja. Nikachungulia nyuma, waya zote ziko mahali pake. Kwa hiyo kosa liko chumbani. Mwalimu alikuwa ametoka, nikafungua mlango wake.

Spika zimefunikwa kitambaa cha meza. Waya zimechomolewa na kuviringishwa vizuri, kisha zikafungwa kwa uzi wa sufu na fundo la kipepeo, kama anavyowafunga watoto viatu. Sijui ni tangu lini. Huenda wiki nzima, maana siku hizi nilikuwa nimeacha kupima bati. Muda wote huo nimekaa sebuleni najidanganya kwamba nina mwenzangu nyuma ya ukuta.

Shukrani ya punda ni mateke. Nilimpigia randa yale maboksi jioni kwa jioni baada ya kazi, vidole vimejaa gundi. Nimewasha mashine ya kulehemu ya Fundi Waya, niliyoazima kwa kazi nyingine, nikazichomelea zile waya nyuma ya spika kwa risasi. Akitaka kuzitoa, azikate kwa mkasi tuonane. Kitambaa nimekikunja nikakiweka kitandani.

Aliporudi nilijitia hamnazo.

Jumapili, 7 Aprili

Nimebonyeza vitufe vyote. Bati likapata joto lake.

Wimbo wa kwanza haukuisha. Mwalimu akatoka na begi, lile la safari. Akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya santuri, akainyanyua sindano. Katika miaka yote hajawahi kuigusa. Akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akasema polepole, na kila neno nililisikia.

"Nashinda na watoto thelathini na wanne wanaopiga mayowe. Nikirudi, nikitaka chumvi nakupigia mayowe wewe. Sina sauti tena, Fundi. Imekwisha."

Nikamwambia nani kamtuma kupiga mayowe.

"Husikii," akasema.

"Masikio yangu mazima. Wewe ndiye unanong'ona."

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na bora ningeiona. Akasema anakwenda kwa dada yake, mtaa wa pili, na hakusema atarudi lini. Akaweka ufunguo wake mezani, karibu na swichi. Nilimfungulia mlango, nikamshikia begi akifungua mwavuli, kama vile namsindikiza mgeni.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Chakula kimeungua.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Chakula hakikuungua, lakini hakikuwa chakula.

Alhamisi, 11 Aprili

Shemeji, huyo dada yake, nimekutana naye dukani. Nikamwamkia, akaniitikia, akaongeza kitu nikacheka. Uso wake ukabadilika. Sasa nimeanza kufikiri huenda halikuwa la kuchekesha.

Ijumaa, 12 Aprili

Sijawasha muziki tangu Jumapili. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumapili, 14 Aprili

Binti yetu amenipigia simu kutoka mbali anakoishi. Tumezungumza vizuri tu, nilivyodhani. Nilipokata, akanitumia ujumbe. Naunakili kama ulivyo:

"Baba, nimekuuliza mara tatu kama umekula. Mara zote umenijibu mvua bado inanyesha. Mama hajanituma. Naomba kitu kimoja. Washa muziki kama unavyowasha kila siku, kisha nenda ukakae chumbani kwa mama."

Nilitaka kumjibu kwamba mtoto hamfundishi baba yake. Nikaandika nikafuta. Kisha nikakumbuka kitu cha kunishangaza: tangu nizifunge zile spika, sijawahi kukaa chumba kile nikazisikiliza. Hata siku moja. Fundi gani anaweka mlango bila kuufungua akauona unavyofunga?

Nikabonyeza vitufe viwili, sauti pale pale ninapoiwekaga, nikaenda nyuma nikakaa kitandani kwake. Na kweli, kulikuwa kuzuri. Muziki laini wa wastani, maneno ya mwimbaji yamefifia kidogo lakini ngoma ziko wazi. Nikafurahi. Nikatoa simu nimwandikie binti kwamba nimekaa, nimesikiliza, na sioni pa kulalamikia.

Ndipo nikaiona ile glasi. Mwalimu aliacha glasi ya maji mezani, nusu. Maji yalikuwa yanarukaruka. Glasi yenyewe ilikuwa inatembea, inajisogeza kidogo kidogo kuelekea ukingo wa meza. Nikainua macho. Komeo la dirisha linatikisika. Chaki zake kwenye sahani zinagongana. Kutoka kwenye matundu niliyotoboa, vumbi la plasta linadondoka juu ya mto, na mto ulikuwa na duara jeupe, maana yake halikuanza kudondoka leo. Nje ya dirisha, jirani alikuwa uani kwake anaanua nguo upesi upesi, bega moja kaliinua kuziba sikio.

Glasi ikaanguka. Niliiona ikivunjika miguuni pangu. Sikusikia chochote.

Nilikaa pale mpaka santuri ikaisha, na sikujua imeisha hadi nilipoyaona maji yaliyomwagika yametulia sakafuni. Alinihama kwa sababu ya sauti, na mimi nikamfuata nayo. Nilipanda ngazi, nikamtobolea ukuta, nikamwekea mayowe juu ya kichwa cha kitanda, na alipolia nikamnyanyulia mkono.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikwenda kazini. Nilifagia vioo.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nimekwenda hospitali kwa mpimaji wa masikio. Ni dada wa makamo mwenye miwani shingoni. Aliniingiza kwenye kijumba kidogo cha kioo, akanivisha vile vya kufunika masikio na kunipa kitufe mkononi. Akaniambia nikisikia mlio wowote, hata mdogo, nibonyeze. Akafunga mlango.

Nilikaa nikisubiri aanze. Nilibonyeza mara chache mwanzoni, milio mizito kama ya ngoma ya mbali. Halafu kimya. Nikamwona kupitia kioo anazungusha vitu vyake, anaandika, anazungusha tena. Nikadhani anaitengeneza mashine. Nikakaa nimetulia, kitufe tayari, nisije nikakosa. Hatimaye akafungua mlango, akanivua vile vitu, akasema tumemaliza.

Alinichorea mstari unaoanza juu na kushuka. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia msumeno wa mashine, miaka thelathini na moja. Niliwahi kuvaa vizibo? Nikamwambia vipo, vinaning'inia msumarini. Hakunicheka. Akanisogelea akaeleza taratibu, nikitazama mdomo wake: kelele za mashine zinaua kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Ngoma utaendelea kuzisikia, na wanaume wenye sauti nzito. Sauti zinazotangulia kupotea ni za wanawake na watoto.

Nikamuuliza kama kuna namna zirudi. Akasema haziwezi kurudi, ila kuna vifaa vinavyosaidia, ataniweka kwenye orodha. Nilimshukuru. Nje nilikaa kwenye benchi hadi mvua ikapungua. Nilijaribu kukumbuka sauti ya Mwalimu ya zamani, ya siku za dansi, na nikaipata vizuri kabisa. Basi ni hiyo niliyokuwa nayo. Ya sasa siijui.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeziyeyusha zile risasi. Nimeshusha spika, nimezungushia blanketi, nimeziweka stoo. Matundu nimeziba kwa plasta na kupiga rangi. Mto na foronya nimevifua.

Kisha nimekwenda kwa Fundi Waya kurudisha mashine yake. Nilimwambia wazi, "Kijana, siku ile uliniambia jambo kuhusu sauti sikulisikia. Niambie tena." Akashangaa kidogo, akazima redio zake zote, akanieleza. Kumbe swichi ile haipunguzi sauti. Inagawa tu: sauti ninayoiweka sebuleni ndiyo inayotoka chumbani, vile vile. Ili chumbani wawe na uamuzi wao, kunawekwa kitufe cha kuzungusha ukutani kwao. Ndicho alichokuwa ananionyesha kwa kidole. Anacho kimoja dukani, akaniletea.

Kilikuwa tayari mkononi mwangu. Nikamrudishia. Nikamwambia kwanza nimuulize mwenye chumba.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekwenda chekechea leo, saa nane, watoto wameshaondoka. Safari hii niligonga.

Mwalimu alikuwa kwenye kile kiti kidogo. Hakusimama. Nikachukua kingine nikakaa mbele yake, magoti yanafika kidevuni, na nikampa karatasi ya hospitali. Aliisoma yote, pande zote mbili. Akasema kitu akiwa ameinamia karatasi. Na mimi, mazoea yana nguvu, nikaanza kutikisa kichwa. Nikakizuia.

"Sijasikia," nikasema. "Na mara nyingi nikitikisa kichwa huwa sijasikia."

Akanitazama. Akainuka akachukua chaki. Akaandika ubaoni kwa zile herufi zake za duara, kubwa, za kusomwa na mtoto aliyekaa nyuma: NAJUA.

Nikamuuliza siku ile nikiwa juu ya ngazi aliniambia nini. Alisita, kisha akaandika: NIMEHAMA KWA SABABU YA SAUTI. NAKUOMBA USINILETEE HUKU. Nikasoma. Nikayakumbuka majibu yangu, kwamba asijali, namaliza sasa hivi. Nikamuuliza kwa nini hakunishika mkono akaniambia usoni kwamba mimi kiziwi. Akaandika haraka, chaki ikamkatikia: NILISEMA MWAKA JANA. NA MWAKA JUZI. ULISEMA NANONG'ONA. Ni kweli. Nilisema hivyo hata siku anaondoka.

Nikamwambia niliyonayo. Kwamba zile spika nimezitoa, matundu nimeziba. Kwamba Fundi Waya ana kitufe cha kuzungushia sauti, kinawekwa ukutani kwake, akitaka anashusha hadi kimya kabisa, lakini sijakinunua, kwa kuwa safari iliyopita sikuuliza. Kwamba nilimwona siku ile kupitia dirisha amekaa na kimya chake, nikaondoka, na najuta kuondoka. Sauti yangu nadhani ilikuwa juu mno, kwa sababu alinionyesha kwa kiganja nishushe. Nikashusha.

Alifuta ubao wote, taratibu, kama anavyofanya mwisho wa somo. Akaiweka chaki chini. Akavuta kiti chake hadi magoti yetu yakagusana, akaushika uso wangu akauelekeza kwake.

"Jumamosi nitarudi," akasema. "Chumba cha nyuma kinabaki changu."

"Sawa."

"Na hicho kitufe, kinunue. Sijauchoka muziki."

Akaniachia uso, kisha akakumbuka kitu akaushika tena.

"Ufunguo nimeuacha kwako. Nitagonga. Utasikia?"

Zamani ningesema nitasikia.

"Sitasikia," nikamwambia. "Nitakaa nje."

Alhamisi, 25 Aprili

Nimevaa vizibo vya masikio karakanani, kulinda hicho kidogo ninachosikia bado. Randa hakusema neno, au labda alisema.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimetoa kiti nje tangu saa moja asubuhi, nikasahau kwamba hatukupangana saa. Mvua hakuna. Nimeandika vipimo vya kitufe mbele ya daftari na haya nyuma. Wapita njia wananisalimu, nanyanyua mkono, na aliyesimama nimemwambia anisogelee.

Saa tano na nusu. Namwona pale kona na begi lake. Ameshaniona, mdomo unacheza, ananiambia kitu kutoka kule kule. Naweka kalamu chini, nimfuate karibu.